Hali ya Mdhamini

Mzee Eskil alikufa Jumamosi asubuhi, shavu la kulia likiwa limeshanyolewa na la kushoto bado lina povu. Nyamizi ndiye aliyekuwa na wembe mkononi. Aliona mdomo wa mzee ukilegea, macho yakabaki yameitazama taa ya darini, na pumzi iliyotoka haikufuatwa na nyingine. Akangoja. Akasogeza kioo cha kunyolea puani pake. Kioo kikabaki kikavu. Akainua kope moja kwa kidole na kummulika, jicho halikushtuka. Nyamizi Kasubi, mwana wa Urambo, alikuwa ameosha maiti watatu wa ukoo wao kabla hajavuka bahari kuja kulea wazee wa watu, na hakuhitaji kuambiwa na daktari. Mzee amekwenda, akajiambia.

Ila kifua cha mzee kilikuwa kinadunda.

Kilidunda vilevile kama jana na juzi, bila haraka. Miaka sita nyuma madaktari wa mji huo, Varnesund, walimtoa mzee moyo wake uliochoka wakamwekea pampu ya ukubwa wa limau, na pampu hiyo haikusukuma damu tu, iliitia na hewa, ili hata mapafu yakigoma mtu asipungukiwe. Chombo kizuri sana kwa mtu aliye hai. Sasa mwenye mwili ameondoka na pampu haina habari. Mkono wa mzee ulikuwa wa moto. Mashavu yalikuwa na rangi yake ya kila siku. Nyamizi alisimama pale akili imemruka, kisha akamalizia kunyoa shavu la kushoto, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na aliona si heshima kumwacha mtu na ndevu nusu.

Saa mbili kamili ukuta ukauliza.

Nyumba zote za watu waliodhamini wageni zilikuwa na ukuta wa namna ile, unaosema kwa sauti ya kike, Kiswahili kilekile cha taarifa ya habari, maana nusu ya vibarua wa mji ule wa barafu walitoka kwetu. Kila asubuhi uliuliza jambo moja: Shahidi, hali ya mdhamini? Kwa karibu miaka miwili Nyamizi alikuwa akijibu kwamba ni mzima, au amelala vibaya, au mguu unamsumbua, huku anakoroga uji. Jibu lake lilikwenda Idara ya Wageni, na dakika hiyohiyo lilikwenda kwa Sigva, mtoto wa pekee wa mzee, aliyekuwa akipima barafu kwenye chombo chake huko kaskazini, mwendo wa siku nne, peke yake na mashine.

Mkosi wote ulianzia hapo. Nyamizi hakuifikiria Idara hata kidogo. Alimfikiria Sigva.

Yeye mwenyewe alifiwa na mama akiwa Kahama. Baba mdogo alimpigia simu akamwambia mama anaumwa, jitahidi ufike. Akanunua machungwa ya mgonjwa, akasafiri, akafika nyumbani akaona turubai limefungwa uani na wanawake wamekaa chini kwenye mikeka. Hapo ndipo alipoanguka, lakini alianguka penye watu. Hakumlaumu baba mdogo hata siku moja. Kwao msiba hautupwi kwenye simu mtu akaupokea akiwa peke yake. Unamwita kwanza, afike, akae, anywe maji, ndipo mkubwa mmoja amwambie.

Basi akauambia ukuta: "Hali yake si nzuri. Anaumwa sana. Mwambieni Sigva aje upesi."

"Imepokelewa," ukuta ukajibu. "Mdhamini anaumwa. Mzunguko wa damu ni mzuri. Kaimu anaanza kazi."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeficha kilio kwa maradhi, na Nyamizi wa watu hakuwa na methali ya kumshika mkono. Kaimu ndiye nani? Alizunguka nyumba nzima akimtafuta, akafungua hata kabati la mashuka.

*

Kaimu alijitambulisha Jumapili saa moja asubuhi, kwa kuomba uji.

"Nyamisi," ikasema sauti ya Mzee Eskil, ileile yenye kukwaruza, ileile iliyoshindwa miaka miwili kulitamka jina lake sawasawa. "Uji usiwe mzito leo."

Bakuli lilimponyoka. Alimtazama mzee kitandani: mdomo umefungwa, kitambaa alichomfunga kidevuni kipo palepale. Sauti ilitoka ukutani. Ikamweleza, kwa upole wa mzee na mzaha wa mzee, kwamba yeye ndiye kaimu wake, kwamba mzee alikaa naye siku nyingi miaka ya nyuma akimfundisha namna anavyofikiri na kuamua na kusaini, ili akizidiwa mambo ya watu wake yasisimame. Nyamizi, huku ameshika kitasa cha mlango, akauliza kama anajua mwenye sauti yuko katika hali gani. Kaimu akajibu kwamba taarifa aliyo nayo ni ya shahidi, na shahidi amesema anaumwa sana.

"Kwa hiyo ninaumwa," akasema.

Kazungu alimkuta anapangusa uji sakafuni. Huyu alikuwa mnyapara wa kiwanda cha mwani cha mzee, Mgiriama wa Kaloleni, mrefu na mpole, na kila Jumapili alipita kumjulia hali tajiri yao kwa niaba ya wenzake. Nyamizi akamvuta jikoni, mahali pekee katika nyumba ile ambapo ukuta haukuwa na masikio, akamwambia yote, maana kichwa kilikuwa kinataka kupasuka. Kazungu akaenda chumbani, akamgusa mzee kipaji cha uso, akarudi akakaa. Jambo la kwanza alilofanya ni kukunja mkono wa shati na kuutazama mkono wake mwenyewe.

Chini ya ngozi, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na kidoa cha kijani. Kila mgeni wa Varnesund alikuwa nacho, na ndicho kibali chake cha kazi: kilimfungulia mlango wa kiwanda, wa duka, wa zahanati, hata wa bweni analolala. Zamani wadhamini wa wageni walikuwa makampuni, na makampuni yale yalikuwa yakifa Jumatatu na kufufuka Jumanne kwa jina jingine, watu wakaachwa kwenye barafu hawana mwenyewe. Ndipo ikatungwa sheria, na walioitunga walikuwa na nia njema kabisa, tuwape haki yao: mdhamini awe binadamu, mwenye mwili na moyo unaodunda, anayejulikana kwake. Miaka miwili ya kwanza kidoa chako kinaishi kwa uhai wake. Akifa, kinageuka chekundu, na una siku saba uwe umeshapanda meli, wala hurudi kwa miaka kumi. Lakini ukimaliza miaka miwili na yeye akakusainia, kidoa kinakuwa chako. Hakuna kifo cha mtu kitakachokigusa tena.

Watu wa Mzee Eskil walikuwa arobaini na mmoja, Nyamizi mmojawapo. Walikuja kwa meli moja. Miaka yao miwili ilikuwa inatimia Ijumaa hiyo, saa sita mchana.

"Leo Jumapili, dada Nyamizi," Kazungu akasema. "Zimebaki siku tano."

Hakumwambia aseme uongo; Kazungu hakuwa mtu wa namna hiyo. Alimkumbusha habari za Kadzo, mkewe, ambaye mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Meli hazipakii mwanamke wa miezi minane. Angewekwa kwenye banda la bandarini ajifungulie humo kati ya watu asiowajua, na mumewe angekuwa ameshasafirishwa. Akaomba tu kwamba ukuta ukiuliza, Nyamizi ajibu kama alivyojibu jana. Na Nyamizi, ambaye jana alijibu kwa kumhurumia mtu mwingine kabisa, akaona jibu lake lile limekuwa kubwa kuliko yeye.

*

Jumatatu ndevu za mzee zilikuwa zimeota.

Hili lilimvuruga kuliko ile sauti. Sauti ni mashine, hata mtoto anajua, lakini ndevu? Maiti gani anaota ndevu? Alimnyoa tena. Akamkata kucha, akamgeuza ubavu asipate vidonda, kisha akajishangaa: anayeogopea marehemu vidonda ni nani kama si mwendawazimu? Akamrudisha chali. Baada ya nusu saa akamgeuza tena ubavu, kwa sababu hakuweza kuvumilia.

Aliona bora amuulize mtu mwenye elimu. Daktari wa zamu alitokea ukutani, mwanamke mwenye haraka zake, na Nyamizi akamuuliza kwa kuzunguka, kama anayesema habari za jirani: mtu asiyevuta pumzi, na jicho lake halishtuki, huyo kisheria yukoje? Daktari akasema kisheria mtu amekufa moyo wake ukisimama. Na mwenye pampu, moyo wake unasimama vipi? Ukisimamishwa, akajibu, na hausimamishwi mpaka shahidi au jamaa wa damu atamke kwamba mwenyewe amekufa. Sasa shahidi atatamkaje kwamba mtu amekufa, na sheria inasema hajafa mpaka moyo usimame? Daktari alifikiri kidogo, akakiri kwamba hilo ni swali zuri, akaaga.

Kwa hiyo mzee atakufa siku Nyamizi atakaposema amekufa. Alilitafakari jambo hilo akiwa ameshika taulo, akalitafakari tena akiwa anaosha vyombo, na kila alipolishika liliteleza. Jioni ile alipiga magoti kando ya kitanda, Mmoraviani wa kuzaliwa, mwanakwaya tangu usichana wake, akashindwa kuomba. Sala ya mgonjwa anaijua. Sala ya marehemu anaijua. Ipi sasa? Akaishia kusema, Bwana, huyu hapa, akainuka.

Na kaimu, jamani, alikuwa na mazungumzo mazuri, hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Alimuulizia kwaya ya kwao. Alimcheka kwa kuogopa theluji. Alikumbuka kwamba siku ya kwanza ya kazi Nyamizi alitia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari, na mzee akainywa yote kwa adabu. Jumanne mchana akamuuliza jambo ambalo hakulitegemea.

"Nyamisi, ninaumia?"

"Hapana, mzee. Huumii."

"Nashukuru," kaimu akasema. Nyamizi akaenda jikoni akalia, na hakujua anamlilia yupi.

Habari zilikuwa zimeshawafikia wote arobaini na mmoja, maana Kazungu aliona si haki wengine wasijue. Wakawa wanakuja wawili watatu baada ya zamu zao, wanawake wamejifunga khanga juu ya makoti ya barafu, wanakaa sebuleni chini. Nyumba ilikuwa na kila kitu cha matanga isipokuwa matanga yenyewe. Hakuna aliyethubutu kusema pole. Waliuliza mgonjwa anaendeleaje, kwa sauti ya juu ili ukuta usikie, halafu wakatazama sakafu. Mwanamke mmoja alianza kwikwi ya kilio, wenzake wakakohoa kwa nguvu kumfunika.

*

Sigva alifika Jumatano saa nane mchana, theluji mabegani, na mkononi ana chupa ya jemu nyekundu, ile aliyoipenda baba yake. Nyamizi alipoiona chupa ile alikumbuka machungwa aliyoyabeba toka Kahama. Sigva alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mnene, wa vicheko vya karibu. Nyumba ile ilikuwa ikitunzwa na watu wa kwetu tangu yeye hajaota meno, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni hasa: alijua kutania na kugombeza, ila barua asingeweza kuandika.

Kazungu alikuwa sebuleni na wenzake wanne. Walisimama wote. Kazungu akamtazama Nyamizi mara moja tu, na Nyamizi akaelewa: zimebaki siku mbili.

Sigva alimkuta baba yake amefumbwa macho, kitambaa cha kidevu kimeshaondolewa tangu aliponyolewa Jumatatu, ana rangi, ana joto, kifua kinadunda, na sauti inamwita kwa jina la utoto ambalo Nyamizi hakuwahi kulisikia. Uso wake ulifunguka kwa furaha. Alijua kaimu ni kaimu. Lakini aliamini kaimu anamsikiliza mzee kwa ndani na kumsemea, kama simu inavyomsemea mtu aliye mbali, na nani angemlaumu? Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa baba yake kwenye paja lake, akapiga naye soga nusu saa nzima. Akasimulia barafu ilivyopasuka mbele ya chombo chake. Kaimu akamtania kwamba tangu utoto alikuwa mzembe wa kushika usukani. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nyamizi alisimama mlangoni na sinia la chai. Roho ilimuuma vibaya sana. Mila aliyoifuata tangu Jumamosi ilikuwa na mwisho wake, na mwisho wenyewe ndio huu: mtu akifika, anaambiwa. Ukiendelea kumficha mwenye msiba akiwa ameshafika, humsitiri tena, unamwibia. Unamwibia mzazi wake. Lakini akisema, Kadzo anakwenda bandani. Watu arobaini na mmoja wanakunja virago, watu waliotia jasho siku mia saba na ushee, kwa ajili ya ulimi wa mlezi mmoja aliyeshindwa kuuzuia siku mbili. Alijaribu kupima kipi kizito. Alipima tena.

Ndipo Sigva akafungua chupa ya jemu, akachota kijiko, akauinamia mdomo wa baba yake.

"Aonje tu," akasema.

Nyamizi aliweka sinia chini na kumshika mkono. Hakuamua, mkono wake ulikwenda wenyewe. Akamwambia, dada Sigva, njoo jikoni mara moja. Akamtoa chumbani na kijiko chake, akampitisha sebuleni mbele ya Kazungu, ambaye aliona yote na akainamisha kichwa. Akafunga mlango wa jikoni. Akavuta kiti. Akamimina maji kwenye bilauri, akayaweka mezani.

"Kunywa maji kwanza."

Sigva aliitazama bilauri. Alilelewa na watu wetu huyu. Alishawaona wafiwa wakikalishwa hapohapo jikoni, wakipewa maji, na kilichofuata alikijua. Hakuigusa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Jumamosi. Nilikuwa namnyoa."

Hakulia. Alikaa na kijiko mkononi, jemu ikidondoka kwenye koti lake. Kisha akauliza ni kwa nini aliambiwa baba anaumwa. Nyamizi akamweleza. Alimweleza habari za baba mdogo na simu ya Kahama, kwamba hakutaka apokee neno lile akiwa peke yake katikati ya barafu. Halafu, kwa kuwa ameshaanza, akamaliza: ukuta ulivyolichukua jibu lake, kaimu, ndevu, Ijumaa, watu arobaini na mmoja, mimba ya Kadzo. Hakuomba kitu. Alisema alikosea mahali, ila akitafuta ni wapi hapaoni, na kwamba sasa msiba ni wa mwenyewe na la kufanya ni lake.

Sigva aliuliza jambo moja zaidi, taratibu, kama anayejaribu barafu kwa mguu kabla ya kukanyaga. Kwao Nyamizi, mwenye msiba akichelewa njiani, gari limeharibika au mto umejaa, inakuwaje? Nyamizi akasema anangojwa. Siku tatu, nne, hata wiki. Hakuna anayemwambia kabla hajafika.

"Basi mimi sijafika," Sigva akasema.

Aliweka kijiko kwenye sinki. Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, hadi shingoni, akatoka. Sebuleni alisimama karibu na ukuta, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba amesahau vipimo vyake kwenye chombo, kwamba hewa inaharibika na atarudi Ijumaa alasiri. Hakuingia chumbani kuaga. Nyamizi alibaki jikoni na bilauri iliyojaa. Alikuwa ameutua mzigo kwa dakika kumi tu, sasa umerudishwa kichwani pake, na mwenye kuurudisha amekwenda kukaa peke yake bandarini, kwenye chombo, na msiba wake. Lile alilolikimbia tangu mwanzo ndilo limekuwa.

*

Alhamisi ukuta uliuliza, Nyamizi akajibu kwamba anaumwa. Ijumaa uliuliza, akajibu. Saa sita mchana kaimu akaanza kusoma majina.

Aliyasoma yote, jina la mtu na la baba yake, bila kuruka hata moja, na baada ya kila jina alisema, namridhia. Nyamizi alisikiliza akiwa amekaa karibu na kitanda. Jina lake lilikuwa la mwisho. Kidoa kilipata joto chini ya ngozi, kikaingia kijani kizito, kikatulia. Muda si muda Kazungu akapiga simu kutoka kiwandani, akasema vidoa vimeshika vyote.

"Nyamisi, nimemaliza," kaimu akasema. "Nimechoka sasa."

"Pumzika, mzee," Nyamizi akasema. Aliuambia ukuta, na alimaanisha kila neno.

Saa kumi mlango uligongwa. Mlango ule ulikuwa ukimfungukia Sigva wenyewe tangu utoto wake, lakini alisimama nje akagonga, akangoja kufunguliwa. Nyamizi akampokea mkoba. Kadzo na wanawake wengine walikuwa wameshakaa chini chumbani, kukizunguka kitanda. Wakamsogezea nafasi. Nyamizi akaleta maji, na safari hii Sigva aliyanywa yote, akairudisha bilauri.

"Sigva," Nyamizi akasema, "baba ametutoka."

Alikuwa anajua tangu juzi. Alikwenda kwa hiari yake na kurudi kwa saa aliyoipanga. Lakini neno lilipotamkwa alitoa ukelele wa mtu aliyechomwa kisu, akaanguka, na wanawake wakamdaka, na kilio walichokimeza wiki nzima kikatoka kwa wote mara moja. Kadzo na tumbo lake alikuwa ameshika kichwa cha Sigva kifuani. Hakuna aliyekuwa anaigiza kitu mle chumbani.

"Shahidi, thibitisha," ukuta ukasema juu ya kilio. "Mdhamini amekufa?"

"Amekufa."

"Lini?"

Wiki nzima, watu arobaini na mmoja na vichwa vyao, hakuna hata mmoja aliyelifikiria swali hilo. Nyamizi akisema Jumamosi, basi maiti hasaini, na majina yote yaliyosomwa mchana ni bure. Akisema leo, huo ni uongo mtupu, hauna mila ya kujifunika, na anautamka mbele ya marehemu mwenyewe. Alimtazama mzee, kana kwamba angemsaidia. Alikufa lini kweli? Jumamosi kwenye wembe? Na ndevu za Jumatatu zilikuwa za nani? Na nani aliyechoka leo saa sita? Alijipekua moyoni kutafuta jibu la kweli, jibu la Mungu wake, akakuta hajui. Hajui kabisa.

"Shahidi, lini?"

"Leo," Sigva akasema kutoka sakafuni. Uso wake ulikuwa umelowa, nywele zimemgandia mdomoni. "Mimi ni damu yake. Baba yangu amekufa leo. Ndiyo kwanza naambiwa."

Nyamizi akashika ukingo wa kitanda, akiutazama ukuta.

"Jamaa wa damu amethibitisha," ukasema. "Poleni."

Kifua cha mzee kikasimama. Sigva akajiburura mpaka kitandani akaweka kiganja pale pampu ilipokuwa ikidunda, akakiacha hapo, na kila mtu akamngoja. Nyamizi alitazama kifundo cha mkono wake. Kidoa kilikuwa kijani vilevile, na furaha na aibu vilimshika kwa pamoja asijue kipi ni kipi. Akateremsha mkono wa sweta ukakifunika, akaenda jikoni kuchemsha maji ya kumwosha.